Kiti Kimoja, Tiketi Mbili: Mwongozo wa Kuepuka Makosa ya Kuratibu Nyuzi katika Programu

Asubuhi moja ya Mfungo Sita, siku zile ambazo wageni wa Maulidi huingia Lamu kwa wingi, abiria wawili walisimama kwenye ngazi za gati ya Mokowe, kila mmoja akiwa na ujumbe kwenye simu yake unaosema kwamba kiti namba 20 ni chake. Boti ilikuwa na nafasi 20. Nahodha alizisoma simu zote mbili, akanigeukia mimi, kwa kuwa alijua ni nani aliyeandika programu ya kukatia tiketi, akasema kwa Kiamu chake: "Bwana, kiti ni kimoya."

Programu yenyewe ilikuwa imejaribiwa, na yeyote ambaye angeisoma mantiki yake angeikubali:

kama nafasi_zilizobaki > 0:
    nafasi_zilizobaki = nafasi_zilizobaki - 1
    toa_tiketi(abiria)

Kasoro haikuwa katika mistari hii bali katika idadi ya waliokuwa wakiitekeleza kwa wakati mmoja. Seva hulipatia kila ombi uzi wake, yaani thredi: mfuatano wa maagizo unaokwenda peke yake, huku ukitumia kumbukumbu ileile inayotumiwa na nyuzi nyingine zote za programu. Siku ile karani wa Lamu na karani wa Mokowe walibonyeza karibu sawia. Uzi wa kwanza ulisoma nafasi zilizobaki ukakuta 1. Kabla haujapunguza, uzi wa pili nao ukasoma ukakuta 1. Kila mmoja ukatoa moja kwenye ile 1 uliyoisoma, ukaandika 0, ukatoa tiketi. Rejista ikabaki na sifuri, hesabu safi kabisa isiyomshtua mtu, na tiketi 21 zikawa mikononi mwa watu.

Niliporudi ofisini nilifanya jambo ambalo nimeona wengi wakilifanya: niliuambia kila uzi usubiri milisekunde 50 kabla ya kuendelea. Kosa likapotea kwa wiki kadhaa, likarudi siku shule zilipofungwa. Kusubiri hakuondoi mgongano, huuhamisha tu hadi saa ambayo watu ni wengi zaidi, na mwongozo huu naanza kwa kuwaomba wasomaji waifute mistari yote ya aina hiyo waliyoiweka ili "kuzipa nyuzi nafasi".

Hatua ya kwanza: andika kinachoshirikiwa

Kabla ya kufikiria kufuli lolote, yaani kile kinachoweza kushikwa na uzi mmoja tu kwa wakati huku nyingine zikisubiri kiachiwe, chukua karatasi uandike kila kitu ambacho nyuzi zaidi ya moja hukifikia na ambacho angalau uzi mmoja hukibadilisha. Masharti yote mawili lazima yatimie. Jedwali la nauli ambalo hupakiwa programu inapoanza na halibadiliki tena halihitaji ulinzi, hata likisomwa na nyuzi elfu. Vigeu vya ndani ya funksheni, ambavyo kila uzi una nakala yake, havihitaji pia. Katika programu yangu orodha ilikuwa na vitu vinne tu: nafasi zilizobaki, orodha ya abiria, hesabu ya fedha za siku, na kipangilio kimoja cha tarehe ambacho nilikiunda mara moja na kukitumia kila mahali kwa kudhani kwamba ninaokoa kumbukumbu. Hicho cha mwisho ndicho kilichonishangaza. Kipangilio cha tarehe cha zamani cha Java, kiitwacho SimpleDateFormat, hubadilika kwa ndani kila kinapotumika, kwa hiyo nyuzi mbili zikikitumia pamoja zinaweza kutoa tarehe ambayo hakuna aliyeiomba. Kitu kinaweza kuonekana kama chombo cha kusomea tu, kumbe kinaandika kimyakimya.

Orodha ikishakamilika, jaribu kuifupisha. Je, kitu hiki kinaweza kuwa kisichobadilika? Je, kinaweza kumilikiwa na uzi mmoja peke yake, na nyuzi nyingine ziupelekee maombi kwa foleni? Kila kinachofutwa kwenye karatasi ni kufuli moja pungufu, na kufuli ambalo halipo halisahauliki kufunguliwa.

Hatua ya pili: andika kauli ambayo kufuli litailinda

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo makosa mengi huzaliwa. Wanaojifunza huambiwa kwamba kufuli hulinda kigeu, au hulinda sehemu ya msimbo, na kwa sababu hiyo hulitia kufuli mahali wanapoona kigeu kinabadilishwa. Mimi naona ni salama zaidi kusema kwamba kufuli hulinda kauli, yaani sentensi inayopaswa kuwa kweli kila mara ambapo hakuna uzi ulio kazini ndani. Kwa boti yetu kauli ni hii: nafasi zilizobaki, zikijumlishwa na tiketi zilizotolewa, ni sawa na nafasi zote za boti. Mtu akishaiandika sentensi hiyo huona mara moja kwamba nafasi na orodha ya abiria haziwezi kuwa na makufuli mawili tofauti, maana kauli moja inazigusa zote mbili.

Tuseme umetumia kigeu cha namba kisichogawanyika, kile ambacho maunzi yenyewe huhakikisha kwamba kusoma, kupunguza na kuandika ni tendo moja, na orodha ya abiria ukaiweka katika mkusanyiko ulioandikwa na wataalamu kuwa ni salama kwa nyuzi. Kila sehemu ni salama, na bado tiketi ya 21 inaweza kutoka. Msimbo unaouliza "je, nafasi ipo?" kisha ukapunguza katika agizo linalofuata una mwanya kati ya swali na tendo, na mwanya huo haujali ubora wa sehemu zake. Makosa ya namna hii, ya kuangalia kisha kutenda, ndiyo niliyokutana nayo mara nyingi kuliko yote: kuuliza kama ufunguo uko kwenye jedwali kisha kuuweka, kuuliza kama faili lipo kisha kuliunda, kuuliza salio kisha kutoa pesa. Dawa ni mojawapo ya mbili. Ama swali na tendo viwe ndani ya kufuli moja bila kuliachia katikati, ama utumie agizo moja linalofanya yote mawili, kama lile la ConcurrentHashMap katika Java linaloweka thamani iwapo tu haipo.

Watumiaji wa Python hupenda kujibu kwamba lugha yao ina kufuli kuu la mfasiri (GIL), linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati, hivyo hawahusiki. Kufuli hilo humlinda mfasiri mwenyewe, halilindi kauli zako; uzi unaweza kusimamishwa katikati ya kuongeza namba au kati ya mistari miwili. Tangu toleo la 3.13, lililotoka 2024, kumekuwepo pia na muundo usio na kufuli hilo kabisa, ulioanza kama wa majaribio, kwa hiyo kulitegemea ni kujenga juu ya mchanga wa Shela.

Hatua ya tatu: anayesoma naye ashike kufuli, na liwe lilelile

Kuna waandishi wa programu ambao hulinda uandishi na kuacha usomaji wazi, kwa hoja kwamba kusoma hakuharibu kitu. Hoja hiyo husahau kwamba prosesa za leo huweka nakala za kumbukumbu karibu nazo, na kwamba kompaila na prosesa zote mbili huruhusiwa kupanga upya maagizo maadamu uzi wenyewe hauoni tofauti. Uzi usioshika kufuli unaweza kuendelea kuona thamani ya zamani, au ukaona kitu kipya kikiwa kimeundwa nusu. Kushika na kuachia kufuli hufanya kazi ya pili, mbali na kuzuia: yaliyoandikwa kabla ya kuachia huonekana kwa atakayelishika baadaye. Asiyelishika hana ahadi hiyo.

Neno volatile, linalowekwa mbele ya kigeu, hueleweka vibaya sana hapa. Katika Java, kwa kanuni za kumbukumbu zilizorekebishwa katika Java 5 mwaka 2004, neno hilo huhakikisha kwamba thamani mpya itaonekana na kwamba mpangilio hautavurugwa, lakini halifanyi kuongeza moja kuwe tendo lisilogawanyika. Linafaa kwa bendera ya "simama", halifai kwa hesabu ya viti. Katika C na C++ neno lilelile halikukusudiwa kuratibu nyuzi hata kidogo. Huko hutumika std::atomic, iliyokuja na C++11.

Uhakikishe pia kwamba kufuli ni lilelile kweli. Nimewahi kukaa siku nzima nikitafuta kosa katika msimbo ambao kila funksheni yake ilikuwa na kufuli, nikagundua kwamba funksheni moja ilikuwa ya darasa zima na nyingine ya kitu kimoja kimoja, kwa hiyo katika Java zilikuwa zikifunga makufuli mawili yasiyojuana. Kosa jingine la jamii hiyo ni kufunga kwa kutumia orodha yenyewe kama kufuli, kisha mahali fulani mtu akaibadilisha orodha kwa mpya; wa zamani wanafunga mlango wa nyumba iliyokwisha hamwa. Tengeneza kitu maalumu cha kufungia, kisichobadilishwa, kisichoonekana nje ya darasa, na kiandikie maelezo mafupi yanayotaja kauli kinayoilinda.

Hatua ya nne: usilishike kufuli huku ukimsubiri mtu

Baada ya kurekebisha hayo, tiketi zikawa sahihi na programu ikawa nzito kama jahazi lililokwama kwenye maji ya bamvua yaliyokupwa. Sababu ilikuwa malipo ya simu. Nilikuwa nashika kufuli la boti, naomba malipo, nasubiri mteja aandike namba yake ya siri, kisha ndipo naachia. Mteja mmoja akienda kwanza kutafuta miwani yake, ofisi zote mbili zilisimama kwa ajili ya boti hiyo.

Suluhisho lilikuwa kukipa kiti hali tatu badala ya mbili: wazi, kimeshikiliwa, kimeuzwa. Uzi hushika kufuli, hubadilisha kiti kutoka wazi kuwa kimeshikiliwa pamoja na kuandika saa ya mwisho ya kushikilia, huachia. Malipo huombwa nje ya kufuli. Yakija, uzi hushika tena kufuli na lazima uangalie upya kama kiti bado kimeshikiliwa kwa jina la mteja yuleyule, kwa sababu huenda muda uliisha na kikapewa mwingine; ndipo kiwe kimeuzwa, au fedha zirudishwe. Neno "upya" katika sentensi hiyo ndilo linalosahaulika: kila ulichokijua kabla ya kuachia kufuli ni habari ya zamani.

Hata pale ambapo hakuna mtu wa kusubiriwa, muda wa kushika kufuli una madhara yasiyotarajiwa. Chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua kwenye sayari ya Mirihi Julai 1997, kilikuwa kikijiwasha upya mara kwa mara kwa sababu kazi ya daraja la chini ilishika kufuli ambalo kazi ya daraja la juu ililihitaji, na kazi za daraja la kati zikawa zinaizuia ile ya chini isimalize. Wahandisi walirekebisha kutoka duniani kwa kuwasha kipengele kinachoipa daraja la juu kazi yoyote iliyoshika kufuli linalosubiriwa na mkubwa wake.

Hatua ya tano: makufuli yakiwa mawili, yawe na mpangilio mmoja

Vichochoro vya mtaa wa Mkomani mjini Lamu vingine haviwezi kupitisha punda wawili waliobeba mawe. Punda akiingia upande huu na mwenzake akaingia upande ule, wakikutana katikati hakuna wa kupita wala wa kugeuka, na shehena ya kila mmoja ndiyo inayomzuia mwenzake. Huo ndio mkwamo, na katika programu yangu ulitokea kwenye kipengele cha kuhamisha abiria. Karani mmoja alimhamisha abiria kutoka boti A kwenda boti B. Uzi wake ukashika kufuli la A na kuomba la B. Mwenzake alikuwa akihamisha kutoka B kwenda A. Uzi wake ukashika la B na kuomba la A. Programu haikutoa hitilafu yoyote. Ilinyamaza.

Mwaka 1971 mwanasayansi wa kompyuta Coffman na wenzake waliorodhesha masharti manne ambayo lazima yote yawepo ili mkwamo utokee: kitu kishikwe na mmoja tu kwa wakati, anayeshika kimoja aombe kingine, asiweze kunyang'anywa, na wasubirianao wafanye duara. Ukivunja moja tu mkwamo hauwezi kutokea, na lililo rahisi kulivunja ni duara. Weka kanuni kwamba makufuli hushikwa kwa mpangilio mmoja popote pale. Mimi hutumia namba ya usajili ya boti, ndogo kwanza, bila kujali abiria anatoka wapi kwenda wapi. Usisahau hali ya boti zote mbili kuwa ileile moja, ambayo karani aliyechoka huiomba bila kujua: kufuli lisiloruhusu kushikwa mara mbili na uzi uleule litaukwamisha uzi huo peke yake. Lugha nyingine hukusaidia. Katika C++17, std::scoped_lock hushika makufuli kadhaa kwa njia isiyoleta mkwamo.

Jihadhari vilevile na kuita msimbo wa mtu mwingine ukiwa umeshika kufuli, kwa mfano kuwaarifu wasikilizaji kwamba kiti kimeuzwa. Hujui msimbo huo utashika makufuli gani. Nakili orodha ya wasikilizaji, achia kufuli, kisha waarifu.

Hatua ya sita: kusubiri ni kwa mzunguko, na kuachia ni kwa lazima

Uzi unaosubiri sharti fulani, kama vile kiti kurudi wazi, usilale na kuamka kuchungulia, wala usitumie "kama" (if) pale panapohitaji "wakati" (while). Vigeu vya sharti, yaani vyombo vya kuulaza uzi hadi uzi mwingine uuamshe, huruhusu uzi uamshwe bila sababu, na hata ukiamshwa kwa sababu ya kweli, uzi mwingine unaweza kukuwahi kwenye kile kiti kabla hujashika kufuli. Kwa hiyo sharti huangaliwa tena kila unapoamka, ndani ya mzunguko, kufuli likiwa mkononi. Wasubirio wakiwa wa aina mbalimbali, amsha wote badala ya mmoja. Ukimwamsha mmoja tu anaweza kuwa yule ambaye habari hiyo haimhusu, na anayehusika akalala daima.

Kuhusu kuachia sina mengi. Hitilafu ikitokea kati ya kushika na kuachia, mstari wa kuachia hautafikiwa. Tumia finally, with, au lock_guard kulingana na lugha yako, ili kuachia kufanyike hata hitilafu ikitokea, na usiyaandike maagizo hayo mawili bila ulinzi huo.

Hatua ya saba: kufuli haliwezi kuvuka seva

Tulipoongeza seva ya pili, tiketi mbili za kiti kimoja zilirudi, na safari hii msimbo ulikuwa sahihi. Kufuli la ndani ya programu linajulikana na nyuzi za programu hiyo tu. Nakala nyingine ya programu ileile kwenye mashine nyingine ina kufuli lake. Kauli inayovuka seva ilindwe pale ambapo seva zote hukutana, ambapo kwa kawaida ni hifadhidata. Niliweka sharti kwamba jozi ya safari na namba ya kiti haiwezi kujirudia, na seva inayoshindwa hupokea kosa na kumwambia karani achague kiti kingine. Nikiambiwa nichague ulinzi mmoja tu kati ya yote niliyoyataja, kwa kazi ya tiketi ningechagua huo.

Hatua ya nane: jaribu kwa nia ya kuvunja

Jaribio la kawaida halitoshi. Kati ya 1985 na 1987 mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Mojawapo ya kasoro zake ilijitokeza pale tu mwendeshaji mzoefu aliporekebisha maelezo kwa kasi kubwa. Mtu anayejaribu polepole asingeiona.

Jaribio langu ni hili. Boti moja ya nafasi 20, nyuzi 200 zilizozuiwa kwenye mstari mmoja hadi zote ziwe tayari, kisha zinaachiwa kwa pamoja, kila moja ikiomba tiketi moja. Mwishoni nahesabu tiketi zenyewe, siyo kigeu cha nafasi zilizobaki, maana tumeona kwamba kigeu hicho kinaweza kusema uongo. Lazima ziwe 20 kamili na namba za viti zisijirudie. Narudia mara 1,000, kwenye mashine yenye prosesa nyingi. Pamoja na hilo natumia kigunduzi cha mbio, yaani chombo kinachokamata nyuzi mbili zikigusa kumbukumbu ileile bila ulinzi: kwa C na C++ ni ThreadSanitizer, inayowashwa kwa -fsanitize=thread; kwa Go ni -race. Vigunduzi hivi huona tu njia zilizopitiwa siku hiyo, na haviwezi kuona kosa la kuangalia kisha kutenda iwapo kila tendo peke yake limelindwa, kwa hiyo hesabu ya tiketi inabaki kuwa ya lazima.

Programu ikinyamaza kama ilivyofanya ile ya boti A na B, usiizime kwa haraka. Kwanza chukua picha ya nyuzi zote, kwa Java kwa agizo la jstack, uihifadhi kwenye faili. Itakuonyesha kila uzi umesimama mstari gani, umeshika kufuli gani na unasubiri lipi, na mara nyingi jstack yenyewe hulitaja duara la mkwamo mwishoni mwa ripoti. Ukishaiwasha upya programu, ushahidi huo umekwenda na maji.